Ambreyaje moja au mbili? Jibu langu kwa ubishi wetu wa gari



Wiki iliyopita tulibishana sana hapa. Mwenzetu mmoja alituma video ya Porsche ikiondoka kama risasi, akaandika: "Vitesi ya mukono ni mambo ya bazee, imeisha kupitwa." Mwingine akamrudishia: "Shofere asiyejua ambreyaje haiko shofere." Kutoka hapo ikawa kelele tu. Mimi nilisoma elektromekanike, na jambo hili limekwisha kunilia pesa, kwa hiyo naomba nieleze polepole. Wote wawili wana haki, lakini kila mmoja anazungumzia barabara yake.

Tuanze na ambreyaje yenyewe

Motere ya gari haiwezi kusukuma kutoka sifuri. Ikizunguka polepole mno, inazimika. Lakini gari lazima isimame mara kwa mara huku motere ikiendelea kunguruma. Ndiyo maana kati ya motere na bwati ya vitesi kuna sahani inayoshika na kuachia. Hiyo ndiyo ambreyaje. Wenzetu wa Kigoma wanaiita klachi. Kama umewahi kupanda moto, umeiona ikifanya kazi: motari anavuta kishikio kwa mkono wa kushoto, anabadili vitesi kwa mguu, kisha anaachia taratibu. Akiachia haraka, moto inaruka au inazimika.

Gari ya vitesi ya mkono inafuata njia hiyo hiyo. Unakanyaga, unatoa vitesi moja, unaingiza nyingine, unaachia. Kwa kitambo hicho kidogo motere haisukumi chochote, gari inateleza kwa mwendo iliokuwa nao. Ukiwa unapita Mboko huwezi hata kuona. Lakini kwenye uwanja wa mashindano, kila kitambo cha namna hiyo ni mita ambazo adui anakupita.

Ambreyaje mbili zinafanyaje?

Waangalie wapiga kasia wawili ndani ya mtumbwi. Mmoja anapovuta maji, mwenzake ameshainua kasia lake, yuko tayari. Wa kwanza akimaliza, wa pili anachukua papo hapo, na mtumbwi haupotezi mwendo.

Bwati ya ambreyaje mbili iko hivyo. Ndani ya ganda moja kuna kama bwati mbili. Moja inabeba vitesi ya 1, 3, 5 na 7. Nyingine inabeba ya 2, 4 na 6. Kila upande una ambreyaje yake. Ukiwa kwenye ya 2, kompyuta inaona unakanyaga mafuta, inatayarisha ya 3 mapema upande wa pili. Wakati wa kubadili ukifika, ambreyaje moja inaachia huku nyingine inashika. Kukatika kwa nguvu karibu hakuna, na kazi yote inakwisha haraka kuliko jicho kupepesa.

Wazo hili si la jana. Mhandisi Mfaransa Adolphe Kégresse alilifikiria kabla ya Vita Kuu ya Pili. Kilichokosekana ni ubongo wa kuziongoza ambreyaje mbili bila kugombana. Miaka ya 1980 Porsche waliijaribu kwenye gari zao za mashindano, 956 na 962. Mwaka 2003 Volkswagen wakaiweka kwenye Golf R32 ya kuuzia watu. Mwaka 2007 Nissan wakatoa GT-R, na hiyo haikuwa na pedali ya ambreyaje kabisa.

Sasa tuweke hesabu mezani. Porsche 911 GT3 ya mwaka 2021 iliuzwa kwa namna zote mbili, motere ikiwa ileile ya farasi 510. Kutoka 0 hadi kilomita 100 kwa saa, yenye ambreyaje mbili inatumia sekunde 3.4, ya mkono inatumia 3.9. Nusu sekunde nzima! Kwa hiyo aliyetuma video hakudanganya: kwa mbio, mkono wa mtu umeshindwa.

Lakini angalieni ajabu hii. Mwaka 2013 Porsche walitoa GT3 bila vitesi ya mkono. Wapenzi wa gari hiyo wakalalamika. Mwaka 2016 kampuni ikatengeneza 911 R, ya mkono tu, gari 991 peke yake, na watu wakazigombania. Mwaka 2017 vitesi ya mkono ikarudi kwenye GT3. Mtu anakubali kushindwa kwa nusu sekunde ili afanye kazi yeye mwenyewe. Hata mashindano ya dunia ya rali, yanayopita kwenye vumbi na matope ya Naivasha kule Kenya, yalibadili sheria mwaka 2022: gari za daraja la juu zikaacha kubadili vitesi kwa vitufe vya usukani, zikarudi kwenye mti wa kuvuta kwa mkono, vitesi tano tu. Sababu kubwa ilikuwa kupunguza gharama na ugumu wa mashine. Shikeni neno hilo, gharama na ugumu, kwa sababu ndilo linatuleta kwetu.

Sasa turudi kwenye barabara yetu

Mtasema: nani ana Porsche Baraka? Hakuna. Lakini ambreyaje mbili zinaweza kukufikia bila Porsche. Honda Fit ya haibridi iliyotoka Japani mwaka 2013 inayo, na gari za mtumba za Japani ndizo zinazoshuka bandarini Dar es Salaam kuja huku kwetu. Golf nyingi pia zinayo. Muuzaji atakuambia tu, "Ni otomatiki." Hapo ndipo shida inaanza, kwa sababu otomatiki si kitu kimoja.

Otomatiki ya kawaida haina ambreyaje ya kukanyaga kati yake na motere. Ina kikombe chenye mafuta kinachozungusha nguvu. Ukitambaa nayo polepole, mafuta ndiyo yanayoteleza, na chuma hakisuguani. Kuna nyingine ya mkanda, haina hatua za vitesi. Na kuna hii ya ambreyaje mbili, ambayo ndani yake ni ndugu wa vitesi ya mkono: kuna sahani zinazosuguana. Tofauti ni kwamba anayekanyaga ni kompyuta. Ukitambaa, sahani zinateleza. Zikiteleza muda mrefu zinapata moto. Zile zinazooga katika mafuta, kama ambreyaje ya moto, zinavumilia zaidi. Zile kavu zinachoka haraka. Hata kwenye barabara za lami iligoma: mwaka 2013 Volkswagen waliita gari zaidi ya 380,000 nchini China kwa sababu ya bwati hizi, na Honda nao waliirudisha Fit hiyo zaidi ya mara moja kurekebisha programu ya bwati.

Sisi tulijifunza kwa njia ngumu. Tulikuwa watatu, tukaunganisha akiba, tukanunua gari ya kubeba abiria Baraka–Uvira. Jina la kampuni siliandiki, maana kosa lilikuwa letu. Siku moja ya mvua lori zilikwama mbele, tukatambaa kwenye matope zaidi ya saa mbili: mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele tena. Tukasikia harufu ya kuungua. Taa ikawaka, gari ikakataa vitesi. Tukaifunga kamba, tukaivuta magurudumu yakiwa chini, kitu ambacho bwati ya namna hiyo haitaki. Mekanisye wetu, muzee anayejua ugonjwa wa Land Cruiser kwa kuisikia tu, akaifungua, akaweka mafuta ya otomatiki ya kawaida. Hayakuwa yake. Baada ya siku chache alituambia ukweli: "Batoto, hii inataka kompyuta. Mimi niko na funguo na masikio." Tuliiuza vipande vipande.

Linganisheni na Land Cruiser ya mazutu tunayoiona kila siku, yenye motere ya lita 4.2 na vitesi tano za mkono. Ambreyaje yake ikichoka inakuambia mapema: inateleza kwenye mulima, pedali inabadilika. Sahani inabadilishwa chini ya mwembe. Betri ikifa mnaisukuma, inawaka. Otomatiki nazo haziwaki hivyo.

Nisieleweke vibaya: sisemi otomatiki ni mbaya. Toyota wenyewe waliporudisha Land Cruiser 70 sokoni Japani mwaka 2023, waliipa otomatiki ya vitesi sita. Lakini walichagua ile ya kikombe cha mafuta, si ya ambreyaje mbili.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Ukijifunza kuendesha, jifunze kwa ambreyaje. Anayeijua atahamia otomatiki kwa siku moja, lakini kinyume chake ni kazi. Ukitaka kununua, usiishie kuuliza kama ni otomatiki. Uliza ni ya namna gani, inatumia mafuta gani ya bwati, na nani kati ya Uvira na Fizi ana mashine ya kuisoma. Ukikosa jibu la tatu, weka pesa yako mfukoni.

Na ninyi mnaosoma elektromekanike: huyo mwenye mashine ya kuisoma bado tunamtafuta. Muzee wetu wa garaji ameniambia nafasi iko, na yuko tayari kufundisha masikio kwa atakayekuja na kompyuta.