AZIMUTI: NJIA YETU NI DEGRE NGAPI?

Azimuti ni pembe ya njia. Simama, tazama kaskazini: hapo ni degre 0. Geukia kuume: mashariki ni 90, kusini 180, magharibi 270. Ukirudi kaskazini umetimiza 360. Jina limetoka katika Kiarabu. Maana yake ni njia.

Rubani anaelekeza ndege kwa pembe hiyo. Mtazama-nyota anaonyesha nayo nyota iko upande gani. Hata jua lina yake: kule Lubumbashi, mwisho wa mwezi wa 6 linatoka karibu na degre 66, mwisho wa mwezi wa 12, karibu na 114.

Chini ya ardhi hakuna jua wala nyota. Dira nayo haitoshi: reli, bomba na mashini za chuma zinavuta sindano yake. Kwa hiyo mpimaji analeta vyombo vyake, anatia misumari na nyuzi kwenye dari ya galari.

Mkikosa degre 1 tu, kisha mita 100 mmeacha njia kwa mita 1 na santimita 75. Mbele pengine kuna galari ya zamani iliyojaa maji, ama wenzenu wanaotoboa upande wa pili.

Ndugu mfanyakazi:
— Usiondoe msumari wala uzi wa mpimaji.
— Usifute alama zake za rangi.
— Alama ikianguka, usiirudishe mwenyewe. Simamisha kazi, mwambie mkubwa wako.

Mama na watoto wanakungoja. Fuata njia iliyopimwa!