Mlazo katika Fonti Zisizo na Vikia: Umbo na Matumizi Yake

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa kwamba vichwa vya vitabu, maneno ya kigeni na mifano ya kiisimu huandikwa kwa hati za mlazo. Ni nadra kuelezwa kwamba mlazo haufanani katika fonti zote. Makala haya yanadhamiria kufafanua tofauti hiyo katika fonti zisizo na vikia, yaani zile ambazo ncha za herufi zake hazina vijistari vya ziada.

Asili ya mlazo ni mwandiko wa mkono. Mwaka 1501, huko Venice, mchapishaji Aldus Manutius alitoa kazi za Virgil kwa herufi za mlazo zilizochongwa na Francesco Griffo. Wakati huo mlazo ulichapiwa kitabu kizima. Dhima ya kutenga neno moja ndani ya sentensi ilikuja baadaye.

Fonti zisizo na vikia zina mlazo wa namna mbili. Namna ya kwanza ni kuinamisha tu herufi iliyosimama. Katika Helvetica, iliyoanza Uswisi mwaka 1957, herufi huinama kwa nyuzi 12, nayo a hubakia na tumbo chini na kichwa kilichopinda juu. Arial hufuata mkondo huohuo. Namna ya pili ni kuchora herufi upya. Katika Gill Sans ya Eric Gill (1928), na pia katika Calibri ya Lucas de Groot, iliyokuwa fonti ya kawaida ya programu ya Word kuanzia toleo la 2007 hadi Aptos ilipochukua nafasi yake, a ya mlazo hupoteza kichwa na kuwa duara lenye mguu, kama tuiandikavyo kwa kalamu.

Tofauti hii ina uzito kwa Kiswahili, lugha ambayo a imeenea mno. Neno wanakamata lina a tano. Zikibadilika umbo, neno zima hujitenga na mengine.

Tuchukue orodha hii: viambishi li, na na ta. Na moja ni kiambishi cha wakati, nyingine ni kiunganishi. Iwapo mwandishi hakutumia vistari, mlazo ndio unaomwonyesha msomaji ipi ni ipi. Mlazo hafifu humpoteza, na hoja ya mwandishi ikapotea naye.

Kwa hivyo, kabla ya kuchapisha tasnifu, mwandishi aandike a iliyosimama na ya mlazo, kisha azilinganishe. Aidha, asitumie mlazo kwa aya nzima, kwani kinachotiliwa mkazo kote hakina mkazo popote. Fonti si pambo la ukurasa tu. Ni sehemu ya maana.