Kutafuta Vipuri vya Difu ya Trekta la Chama

Masika ya Morogoro huanza mwezi wa Machi, na mashamba hupaswa kulimwa kabla yake. Trekta la chama huko Mlali likivunjika difu siku hizo, mwanachama aliyekwisha kulipia ekari zake aweza kukosa msimu. Hasara huzidi pale mjumbe anaposafiri karibu kilometa 200 hadi Dar es Salaam, akarudi na kipuri kisichoingia.

Kwanza, jina la trekta pekee halitoshi, kwani aina moja huweza kutengenezwa miaka mingi na vyuma vyake vikabadilishwa. Yafaa katibu aandike katika daftari la mashine aina, mwaka, namba ya chesisi na namba ya injini, kabla kibati hakijaliwa na kutu.

Pili, vipuri si vya namna moja. Beringi nyingi hutoka katika viwanda vya beringi, na namba zake ni zile zile duniani kote. Beringi 6308 ina tundu la milimita 40, kipenyo cha nje milimita 90 na unene milimita 23, iwe imefungwa katika trekta au katika mashine ya kusaga. Sili ya mafuta nayo huandikwa vipimo vitatu: cha shafti, cha nje na cha unene. Kwa hiyo hata matrekta ya Valmet yaliyounganishwa Kibaha miaka ya 1980 yaweza kutafutiwa vipuri hivyo kwa namba.

Giya ni jambo jingine. Pinioni na gurudumu lake kubwa la meno hulinganishwa pamoja kiwandani. Hivyo hubadilishwa pamoja. Kubadili kimoja ili kuokoa fedha huleta kelele, na hatimaye huharibu vyote viwili.

Tatu, kipuri kilichovunjika kisitupwe. Fundi na mjumbe wa kamati waende nacho dukani, wahesabu meno na kupima kabla ya kulipa. Stakabadhi ionyeshe namba ya kipuri na ahadi ya kukipokea kisipoingia.

Aghalabu difu hutoa dalili kabla ya kuvunjika. Mafuta yakikaguliwa mwezi wa Novemba na kuonekana chembe za chuma, chama huwa na muda wa kutafuta beringi. Yakiachwa hadi Februari, wanachama hulipia difu nzima, na mashamba hubaki bila kulimwa.