Usiifute barua pepe ya Ijumaa

Kila Ijumaa saa tisa alasiri, watoto wakishapanda mabasi, simu yangu hulia mara moja. Ni barua pepe kutoka ofisi kuu ya wilaya ya shule ninayofanyia kazi, hapa viungani mwa Columbus, Ohio. Kichwa chake hakibadiliki: taarifa kwa wafanyakazi. Ndani mna mambo yale yale matatu, yaani bajeti, ustawi wetu na mafunzo, pamoja na picha ya mkurugenzi akitabasamu. Kwa zaidi ya miaka miwili nilikuwa naifuta bila kuifungua. Ijumaa ni siku ya kwenda sokoni na kupika. Nani ana muda wa kusoma kurasa nne za Kiingereza cha ofisini?

Kufuta huko kuliniponza, na najua sikuwa peke yangu. Waswahili tulioajiriwa kwenye shule za huku ni wengi: wasaidizi wa darasani, wapishi wa kantini, wasimamizi wa mabasi, wafagizi, wakalimani. Ndiyo maana naandika.

Mwaka 2021 niliajiriwa kuwa kiungo kati ya shule na familia zinazozungumza Kiswahili, wengi wao ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliopitia kambi kama Nyarugusu. Nilipiga simu nyumbani mtoto akikosa shule, nilikaa na wazazi kwenye vikao vya walimu, nilieleza chanjo na fomu za chakula. Niliipenda kazi ile. Aprili 2024 nikaitwa ofisini nikapewa barua: nafasi yangu inafutwa tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya mwaka wa fedha. Nililia ndani ya gari. Mwenzangu wa chama cha wafanyakazi akaniuliza kwa upole, "Kwani hukusoma? Waliandika tangu Septemba." Akanionyesha kwenye simu yake. Kweli ilikuwapo, sentensi moja katikati ya aya ya bajeti: nafasi zinazolipwa kwa fedha za muda za serikali kuu hazitaendelea.

Fedha hizo zilikuwa zile za korona. Mwaka 2020 na 2021 serikali kuu ya Marekani ilizipa shule msaada wa dharura kwa awamu tatu, jumla karibu dola bilioni 190. Awamu ya mwisho peke yake ilikuwa bilioni 122, na shule zilitakiwa ziwe zimeipangia matumizi yote ifikapo tarehe 30 Septemba 2024. Wilaya nyingi ziliajiri watu kama mimi kwa fedha hizo, zikijua kisima kitakauka. Sisi tuliokuwa tukichota hatukuuliza. Siku hizi nikikutana na mtu aliyepata kazi shuleni, baada ya hongera swali langu la kwanza ni: mshahara wako unatoka fungu gani? Ofisi ya utumishi inaweza kukujibu, na si utovu wa adabu kuwauliza.

Katika miaka ya kawaida serikali kuu huchangia takriban sehemu moja ya kumi tu ya fedha za shule za umma nchini. Zinazobaki hutoka kwa jimbo na kwa wenyeji, na fedha za wenyeji ni kodi ya majengo kwa sehemu kubwa. Hapa Ohio jambo hili lina historia yake. Mwaka 1997 Mahakama Kuu ya jimbo, katika kesi ya DeRolph, ilisema mfumo wa kugharimia shule unakiuka katiba ya jimbo, na kuitegemea mno kodi ya majengo ilikuwa mojawapo ya sababu. Hata leo kodi hiyo bado ni nguzo. Kisha kuna sheria ya mwaka 1976 ambayo wenyeji huiita kwa namba yake, 920. Thamani ya nyumba ikipanda, kiwango cha kodi iliyopigiwa kura hushushwa, ili shule isivune zaidi kutoka kwa nyumba zile zile. Mwenye nyumba anapata nafuu. Lakini dizeli ya mabasi, bima na unga wa kantini havijui sheria hiyo, bei zake zinapanda tu. Kwa hiyo kila baada ya miaka kadhaa wilaya inarudi kwa wapiga kura kuomba kodi mpya. Wenyewe wanaita "levi", nasi hucheka kwamba inanukia ulevi.

Levi ikikataliwa si kicheko tena. Taarifa ya Ijumaa inayofuata huja na orodha: njia za mabasi zinazofutwa, ada za michezo zinazopandishwa, na nafasi zisizojazwa watu wakistaafu. Mara nyingi orodha hiyo haianzi na walimu. Inaanza na sisi wa saa.

Na hata hiyo sehemu ya kumi ya serikali kuu inaweza kuyumba. Tarehe 30 Juni 2025, siku moja kabla ya fedha kutolewa, majimbo yaliarifiwa kwamba zaidi ya dola bilioni 6 za shule zimezuiwa. Humo mlikuwamo fungu la kuwafundisha walimu na fungu la wanafunzi wanaojifunza Kiingereza, ndio watoto wetu hao. Mwishoni mwa Julai zikaachiliwa. Lakini katika wiki zile nne mafunzo yetu ya Agosti yalikuwa yamesimamishwa, na hakuna aliyeweza kuniambia kama nitakuwa na darasa.

Kuna jambo jingine la kiangazi linalowauma wengi. Dada mmoja wa Uvira, anayepika kantini ya shule jirani, shule ilipofungwa Juni aliomba mafao ya kukosa kazi. Alilipwa wiki chache, kisha ikaja barua ya kumtaka azirudishe. "Dada, mimi sikuiba," akaniambia, mkono ukitetemeka. Hakuiba. Ila Mei alikuwa amepokea barua kwamba Agosti atarudi kazini, na kwa sheria ya Ohio mfanyakazi wa shule mwenye ahadi hiyo hahesabiwi kuwa amekosa kazi wakati wa likizo. Si majimbo yote yako hivyo. Minnesota ilibadilisha sheria mwaka 2023, na wafanyakazi wa shule wanaolipwa kwa saa wanaweza kuomba mafao hayo kiangazi. Kwetu, kila masika taarifa huwa na fomu ya kuomba mshahara wa miezi kumi ugawanywe uwe wa miezi kumi na miwili. Ina tarehe ya mwisho. Dada yangu hakuwahi kuiona fomu hiyo, naye alikuwa akiifuta barua kama mimi.

Niseme ukweli kuhusu sehemu ya ustawi: nilikuwa naidharau. Mtu anapunguziwa saa za kazi halafu anashauriwa anywe maji na avute pumzi kwa kina. Yoga Jumatano, bure. Lakini chini ya yoga kuna namba ya simu.

Wanaokalimani watanielewa. Ukikalimani husemi "yeye", unasema "mimi". Siku moja kwenye kikao kuhusu mtoto aliyekuwa anapigana darasani, mama yake alianza kueleza yaliyowapata njiani kabla ya kufika kambini. Nikawa nasema kwa Kiingereza, mbele ya watu wanne: mimi niliwaona, mimi niliwazika. Usiku huo sikulala, wala wiki iliyofuata. Kwetu Tanga mtu akisema anakwenda kuongea na mshauri nasaha, majirani wanasikia kichaa. Niliogopa pia kwamba mwalimu mkuu atajua. Nikapiga ile namba nikiwa kwenye gari, madirisha yamefungwa. Huduma inaendeshwa na kampuni ya nje, wilaya haipewi majina. Nilipata vikao sita bila kulipa, na niliambiwa hata mume wangu na watoto wanaweza kuitumia. Wilaya nyingi zina mpango wa namna hii, idadi ya vikao inatofautiana.

Siku za ugonjwa nazo zina hesabu yake. Sheria ya Ohio inampa mfanyakazi wa shule siku moja na robo kwa kila mwezi, jumla 15 kwa mwaka, na zinaweza kutumika pia kwa msiba wa mtu wa karibu. Shida ni nani anaitwa mtu wa karibu. Baba yangu mdogo, aliyenisomesha, hakuwamo kwenye orodha ya wilaya yetu. Nilizika kwa simu.

Iko pia sheria ya likizo ya familia ya mwaka 1993, inayokulindia kazi kwa wiki 12 bila mshahara ukijifungua, ukiugua sana au ukimuuguza mzazi. Wengi tunadhani inatuhusu sote. Pamoja na masharti mengine, unatakiwa uwe umefanya kazi saa 1,250 katika miezi 12 iliyotangulia. Piga hesabu: saa sita kwa siku, siku 180, ni saa 1,080. Hufiki. Saa saba kwa siku ni 1,260. Unafika kwa saa kumi tu. Ukiambiwa unapunguziwa nusu saa "tu", kumbuka hesabu hii kabla hujatia saini.

Angalia na karatasi ya mshahara. Wafanyakazi wa shule za umma Ohio hawakatwi ile kodi ya pensheni ya serikali kuu. Sisi tusio walimu tuna mfuko wetu wa jimbo, tunakatwa asilimia 10 na wilaya inaongeza 14. Kama ulianzia kiwandani au kwenye ghala, miaka ile iko upande wa pili, na upande huo unadai takriban miaka kumi ya kazi ndipo ulipwe pensheni.

Mimi niliokolewa na sehemu ya mafunzo. Baada ya ile barua ya Aprili nilianza kusoma kila mstari, na Mei nikakuta tangazo: wilaya itamlipia ada ya mtihani wa wasaidizi wa darasani mfanyakazi atakayejiandikisha kabla ya Ijumaa inayofuata. Katika shule zinazopokea fedha za serikali kuu za kusaidia watoto wa familia maskini, msaidizi wa kufundisha anatakiwa awe na miaka miwili ya chuo au afaulu mtihani. Cheti changu cha Tanga kilikuwa bado hakijatathminiwa. Mtihani wenyewe ni maswali 90 kwa saa mbili na nusu, kusoma, kuandika na hesabu. Sehemu za desimali zilinitoa jasho. Binti yangu wa darasa la saba alinifundisha mezani, tena kwa ukali. Nikafaulu, na Agosti nikaanza darasani na wanafunzi wanaojifunza Kiingereza. Mshahara ulipungua karibu robo. Bima ya afya ilibaki.

Sasa kila Ijumaa jioni, wali ukiwa jikoni, naifungua ile barua na kurekodi sauti ya dakika tano kwa Kiswahili, naituma kwenye kundi letu la WhatsApp. Tuko tisa. Ijumaa iliyopita habari ilikuwa kwamba levi itapigiwa kura Novemba. Nikawakumbusha kwamba asiye raia asithubutu kupiga kura, ni kosa kubwa linaloweza kumgharimu hata makazi yake. Yule dada wa Uvira akajibu kwa sauti, akiuliza ikishindwa itakuwaje kwa watu wa kantini. Jibu lilikuwa ukurasa wa tatu: wa saa nne kwa siku watapunguziwa kwanza. Yeye ni wa saa nne. Akakaa kimya kidogo, kisha akatuma nyingine: kiapo chake cha uraia ni mwezi ujao, na Ohio mtu hujiandikisha siku 30 kabla ya uchaguzi. Alitaka nimhesabie kama atawahi. Atawahi, kwa siku kumi na moja.