Piriton Haitibu Usingizi wa Mgonjwa wa Utumbo

Wagonjwa wa Crohn na wa kolaitisi ya vidonda, maradhi sugu ambayo kinga ya mwili huushambulia utumbo na ambayo si vile vidonda vya tumbo vilivyozoeleka, hawachoki kuuliza ni kidonge gani kimezwe usiku ili usingizi uje, na mara nyingi muulizaji huwa amekwisha kujijibu kwa kununua Piriton kwenye duka la dawa. Swali hilo lina kasoro tangu mwanzo.

Piriton, yaani klorofeniramini, ni dawa ya mzio, na usingizi unaoletwa nayo ni athari ya ziada ambayo mwili huizoea upesi, hata aliyeanza na kidonge kimoja akajikuta anameza viwili, kisha vitatu, huku uzito wa kichwa na mdomo mkavu vikimfuata hadi mchana. Kwa mwenye utumbo mgonjwa ipo hatari nyingine isiyotajwa dukani: dawa hiyo huzuia asetilikolini, kemikali inayoiamuru misuli ya utumbo isukume, na kolaitisi inapokuwa kali, dawa zenye athari ya namna hiyo huweza kuchangia utumbo mpana kulegea, kujaa hewa na kutanuka hata ukakaribia kupasuka. Kumshauri mgonjwa huyo ameze Piriton mbili kwa sababu jirani alilala nazo ni uzembe usiovumilika. Tena, hakuna kidonge kinachogusa kile kinachodumisha tatizo, kwani mgonjwa aliyechoshwa na kuharisha na upungufu wa damu hupanda kitandani saa 2 usiku na kuondoka saa 1 asubuhi, akapata usingizi wa saa 6 tu kati ya hizo 11, na zilizobaki akazimaliza akilisikiliza tumbo, mpaka kitanda chenyewe kikawa mahali pa kukesha.

Dawa ya hali hiyo ni tiba ya fikra na tabia, ambayo Chuo cha Madaktari wa Marekani kiliipendekeza mwaka 2016 iwe tiba ya kwanza kwa watu wazima wenye tatizo sugu la kukosa usingizi. Muda wa kukaa kitandani hupunguzwa ukaribie muda halisi wa usingizi, kwa mgonjwa huyo kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi, bila kushuka chini ya saa 5 kwa jumla, kisha huongezwa dakika 15 kwa wiki usingizi ukishajaza asilimia 85 ya muda huo. Saa ya kuamka haibadilishwi. Aliyetoka chooni akikaa macho kama dakika 20 huondoka kitandani mpaka asinzie. Na hofu ya kwamba usiku mmoja mbaya utaamsha ugonjwa huchambuliwa pamoja na mtaalamu. Anayetumia prednisoloni amuulize daktari kuhusu kuimeza asubuhi. Anayeamshwa usiku na kuharisha au damu apimwe kwanza, maana huenda ugonjwa umechachamaa. Na dereva, mwenye kifafa au mwenye baipola asipunguze saa za kitandani bila usimamizi.