Mfupa wa Ruhuhu Uliosubiri Jina

Anayerithi sanduku la visukuku huuliza kwanza: hiki ni cha mnyama gani? Mtaalamu huanza kwingine: kilitoka wapi? Kisa cha mifupa ya bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, kinaeleza sababu.

Miaka ya 1930, Francis Rex Parrington wa Chuo Kikuu cha Cambridge alikusanya visukuku huko, karibu na Ziwa Nyasa. Miongoni mwake ulikuwamo mfupa wa mkono wa juu na pingili chache za uti wa mgongo. Mtaalamu wa visukuku Alan Charig aliichunguza mifupa hiyo miaka ya 1950, akaiita Nyasasaurus, lakini hadi anafariki mwaka 1997 hakuwa amechapisha maelezo rasmi. Kisayansi, jina la namna hiyo halihesabiki.

Kazi ikaendelezwa na mtafiti Sterling Nesbitt na wenzake. Fuvu halikuwapo. Basi wakakata kipande cha mfupa wa mkono, wakakisugua hadi kikapitisha mwanga, wakakitazama kwa hadubini. Nyuzi zake zilikuwa zimepishana bila mpangilio, katikati yake njia tele za mishipa ya damu. Ndivyo unavyokuwa mfupa wa mnyama anayekua upesi. Ukingo unaoshikilia misuli ya bega na kifua ulichukua zaidi ya asilimia 30 ya urefu wa mfupa. Pingili zilizoshikana na nyonga zilikuwa tatu, ilhali mijusi na mamba wanazo mbili. Dalili zote hizo ni za dinosaria.

Matokeo yalitoka Desemba 2012 kwa jina Nyasasaurus parringtoni, na Charig akatajwa kuwa mmoja wa waandishi. Hiyo ilikuwa haki yake.

Umri wa mnyama huyo ulikadiriwa kuwa miaka milioni 243 hivi, kabla ya dinosaria wote waliojulikana kwa hakika. Makadirio hayo yalitokana na miamba ya Ruhuhu. Kumbukumbu ya mahali ingepotea, umri nao ungepotea. Hata hivyo watafiti hawakujigamba: walisema huyu ni dinosaria wa kale kuliko wote, au ndugu wa karibu kabisa wa dinosaria. Tahadhari hiyo naiheshimu.

Kwa hiyo, ukirithi visukuku, usivisugue wala kuvipaka vanishi. Tunza kila karatasi iliyo navyo, hata iliyofifia, usichanganye vya sanduku hili na lile, kisha vipeleke vyote pamoja Makumbusho ya Taifa.