Ulimi Uliotobolewa Nyumbani: Ni Pepo Bubu au Ni Ugonjwa?

Tangu tulipopitisha hewani kipindi cha wazazi kuhusu vijana na miili yao, wamama wengi wametuletea redioni swali moja: mtoto akijitoboa ulimi na kutia kipini, je, ni pepo, ni ujana, au ni ugonjwa? Jibu fupi ni kwamba mara nyingi huanza kama ujana na huweza kugeuka ugonjwa mkali ndani ya siku 4 au 5. Tena ugonjwa huo unafanana sana na jambo ambalo sisi wapentekoste tumezoea kulikemea kwa jina la Yesu, na kwa sababu hiyo tunaweza kuchelewa.

Tueleze kwa habari ya binti mmoja wa Bukavu, mwenye miaka 15, mwimbaji wa kwaya. Jina lake tunaliacha. Yeye na mama yake wametupa ruhusa ya kusimulia.

Siku ya Jumamosi binti huyo na rafiki yake waliona video fupi kwenye simu. Walinunua herini za masikio sokoni Kadutu, wakaomba barafu kwa jirani mwenye firigo, wakachoma sindano nene ya kushonea kwenye moto wa mshumaa. Mmoja alishika ulimi kwa kitambaa, mwingine akasukuma. Kisha wakabadilishana, kwa sindano ile ile. Damu ilitoka, wakapaka dawa ya meno, wakacheka. Jumapili aliimba, ila alisimama mstari wa nyuma.

Jumatatu ulimi ulivimba. Kuvimba kwa siku 3 hadi 5 hutokea hata pale ambapo kazi imefanywa na mtu mwenye ujuzi na vyombo safi. Ndiyo maana wenye kazi hiyo hutia kwanza chuma kirefu, karibu milimita 20, ili ulimi upate nafasi. Herini ya sikio ni fupi, karibu nusu ya urefu huo. Ulimi unapovimba, kichwa cha herini na kile kifungo cha nyuma huanza kuzama ndani ya nyama. Jumanne binti hakuweza tena kuitoa. Aliogopa kumwambia mama. Alinunua kapsuli moja dukani bila kuulizwa neno, akaifungua na kumwaga unga wake kwenye kidonda. Desturi hii ya kumwaga unga wa kapsuli tunayo karibu kila nyumba, na haisaidii: dawa haifiki ndani ulipo usaha, na vijidudu hujifunza kuishinda.

Hapa inafaa tuelewe mdomo ulivyo. Kinywa cha mtu yeyote, hata aliyepiga mswaki asubuhi, kimejaa vijidudu vya aina nyingi ambavyo havileti shida vikikaa juu ya ngozi ya ndani. Sindano huvisukuma chini ya ngozi hiyo. Moto wa mshumaa ulichoma ncha ya sindano na kuipaka masizi, lakini vidole, kitambaa na herini yenyewe havikusafishwa hata kidogo. Pia ulimi una mishipa mikubwa ya damu kushoto na kulia, na mishipa ya fahamu inayoleta ladha. Anayetoboa bila kujua anaweza kukata mmoja wapo, na damu ya ulimi ni ngumu kuizuia nyumbani.

Ubaya mkubwa uko chini ya ulimi. Pale nyama ni laini na nafasi zake zimeungana hadi shingoni. Usaha ukiingia huko haufanyi jipu moja la kupasuka. Unaenea pande zote mbili, sehemu ya chini ya taya inakuwa ngumu kama ubao, na ulimi unainuliwa juu na nyuma mpaka unaziba njia ya pumzi. Muganga mmoja wa Ujerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1836, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Kabla ya antibiotiki kupatikana, zaidi ya nusu ya waliopatwa nao walikufa. Mara nyingi zaidi huanzia kwenye jino lililooza, kwa hiyo hata wewe mzazi ambaye watoto wako hawana habari ya vipini, endelea kusoma.

Alhamisi binti hakusema neno. Hakula bugali, hakula hata uji. Mate yalimtiririka, macho yakawa mekundu kwa homa, na alipoulizwa alitoa sauti kama ya mtu aliyeshika kiazi cha moto mdomoni. Mama yake alikumbuka yule kijana wa Marko sura ya 9, aliyekuwa na pepo wa kumfanya bubu na kutokwa na povu. Ijumaa jioni akamleta kwa wamama wa maombi. Walimlaza chini kwenye mkeka wakaanza kukemea. Binti akajitupa na kuinuka kwa nguvu; wakamlaza tena, wakidhani pepo linapigana.

Aliyekuwa anapigana ni mtoto anayetafuta pumzi. Mtu mwenye uvimbe huo akilazwa chali, ulimi huanguka nyuma na kuziba kabisa. Mamà mmoja kati yao, ambaye ni mkunga, alisema wamketishe, akawasha torchi ya simu na kumwomba afungue kinywa. Kilifunguka kiasi cha kidole kimoja tu. Akaona chuma kinang'aa. Wakampeleka hospitali kwa pikipiki usiku huo huo, akiwa ameketi katikati ya watu wawili. Alikaa siku 6, akipewa antibiotiki kwa serumu, na herini ilitolewa kwa kupasua kidogo.

Hatuandiki haya ili kuwazuia watu kuombea wagonjwa. Maombi yaliendelea njiani, juu ya pikipiki. Lakini Bwana wetu mwenyewe, katika Marko sura ya 7, alipoletewa mtu mwenye utasi alimtenga na watu na kugusa ulimi wake. Kuangalia kinywa cha mgonjwa si kukosa imani.

Kuhusu dhambi, tuseme kwa ufupi. Rebeka alipewa pete ya pua katika Mwanzo 24, na makanisa yetu hayakubaliani kuhusu mapambo. Kila mchungaji atafundisha kundi lake. Ila mtoto mwenye homa si wakati wa fundisho hilo. Binti huyu alisema wazi kwamba maumivu aliyaweza. Kilichomfunga kinywa siku 5 ni kuogopa kutengwa kwenye kwaya.

Mkigundua kidonda cha namna hii, msivute chuma kwa nguvu nyumbani, kwa maana tundu linaweza kujifunga na kuacha usaha ndani. Mpelekeni kituo cha afya. Kama ulimi umevimba kidogo tu na anakula na kumeza vizuri, asukutue kila baada ya kula kwa glasi ya maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, na aache pilipili. Lakini akishindwa kumeza mate, shingo ikiwa ngumu, kinywa kikikataa kufunguka au pumzi ikitoa mlio, ondokeni saa hiyo hiyo. Mketisheni wima. Msimpe chakula wala dawa ya kienyeji.

Limebaki jambo la sindano. Sindano ikipita kwa watu wawili inaweza kubeba virusi vya UKIMWI na homa ya ini, na ile ya aina ya B inaweza kuishi juu ya chombo kikavu kwa siku 7. Dawa ya kuzuia UKIMWI ipo, lakini huanzwa ndani ya saa 72. Yule rafiki alijitokeza Jumapili iliyofuata, akilia, na saa hizo zilikuwa zimeshapita. Kidonda chake kilikuwa kimepona bila shida. Wote wawili wamepimwa mara ya kwanza na hawakuonekana na kitu. Watarudi baada ya miezi 3, na mama zao watakwenda nao.